Jinsi ya Kuunda Modeli ya Kaboni, Nitrojeni na Maji kwa Shamba la Kichanga la Mtwara au Lindi

Mwongozo huu unamlenga afisa ugani, mwanafunzi wa kilimo au mtafiti chipukizi ambaye ana kompyuta ya kawaida, anaifahamu Excel, na anataka kukadiria kinachotokea chini ya udongo wa shamba pale mkulima anapochoma mabaki, anapopanda mbaazi ndani ya mahindi, au anapoweka mbolea kabla ya mvua kubwa. Modeli si jambo la kutisha, kwa kuwa ni mkusanyiko wa milinganyo inayofuatilia kinachoingia shambani, kinachobadilika na kinachotoka, mwezi baada ya mwezi au siku baada ya siku.

Wengi huanza kwa kupakua programu kubwa kama DNDC, DayCent au APSIM, ambazo hufuatilia kaboni, nitrojeni na maji kwa pamoja na kwa hatua ya siku moja. Programu hizo ni nzuri, lakini zinahitaji vigezo vingi sana, na anayeanza huishia kuacha vile vilivyowekwa na watengenezaji, ambavyo mara nyingi vilipatikana katika mashamba ya nchi za baridi. Grafu hutoka zikiwa za kuvutia, na hakuna anayejua kwa nini mstari umepanda au umeshuka. Kwa maoni yangu ni bora kuanza na RothC, modeli ya kaboni ya kituo cha Rothamsted, Uingereza, ambako jaribio la ngano la Broadbalk limeendelea tangu 1843. RothC huenda kwa hatua ya mwezi, ina milinganyo michache inayoweza kuandikwa yote katika jedwali la Excel, na kila namba unaiona ikizaliwa. Nitrojeni tutaiongeza wenyewe kwa hesabu rahisi, na maji tutayapa uzito kuliko vyote, kwa sababu katika kichanga cha Newala, Tandahimba au pwani ya Lindi, mwenye kukosea maji amekosea na hayo mengine mawili.

Swali kwanza

Kabla ya kugusa kompyuta, andika swali moja lenye mipaka. "Kilimo kinaathirije mazingira?" si swali la modeli. Swali la modeli ni kama hili: katika shamba la mahindi yaliyochanganywa na mbaazi huko Newala, kaboni ya udongo wa juu itakuwa imebadilika kwa kiasi gani baada ya miaka 20 iwapo mabaki hayatachomwa? Swali hilo linakuamulia kina cha udongo, urefu wa muda, mambo ya kulinganisha na takwimu za kutafuta. Shamba hilo ndilo tutakalolitumia kama mfano, na namba zake za mvua na udongo ni za kuonyesha hesabu tu, hivyo usizihamishie kwenye ripoti yako.

Takwimu za kukusanya

Kwa hali ya hewa unahitaji mvua, wastani wa joto na uvukizi wa kila mwezi. Chanzo cha kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Pale ambapo hakuna kituo karibu, zipo takwimu za CHIRPS, zinazokadiria mvua kwa vipande vya takriban kilomita tano kuanzia 1981, na za NASA POWER, ambazo zina pia joto na mionzi ya jua. Zote hupatikana bure. Hata hivyo, vipande vya NASA POWER ni vikubwa, na kwa shamba lililo karibu na bahari, iwe Mikindani au Kilwa, kipande kimoja kinaweza kuchanganya nchi kavu na maji ya Bahari ya Hindi, jambo linalopunguza tofauti ya joto la mchana na usiku. Kagua pia kama kuna namba -999, ambayo maana yake ni kwamba takwimu haipo. Ikiachwa humo, siku moja ya namna hiyo inatosha kuharibu wastani wa mwezi mzima. Kagua na mpangilio wa tarehe, kwa kuwa kompyuta nyingi huja zikisoma mwezi kabla ya siku, na tarehe 3 Desemba hugeuka 12 Machi bila onyo lolote.

Kwa udongo unahitaji asilimia ya mfinyanzi, asilimia ya kaboni na uzito wa udongo mkavu kwa ujazo. Kipimo hiki cha mwisho ndicho hurukwa mara kwa mara, ilhali hakihitaji chombo cha gharama. Chukua pete ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5.1, ambayo ujazo wake ni sentimita za ujazo 100. Ipigilie taratibu katika udongo wenye unyevu kiasi, kata kwa kisu udongo uliozidi juu na chini, kisha kausha udongo uliomo katika tanuri la nyuzi joto 105 kwa saa 24 na uupime. Ukipata gramu 150, uzito kwa ujazo ni 1.5. Kichanga kikavu humwagika kutoka kwenye pete, kwa hiyo kazi hii ifanywe wakati wa mvua au baada ya kumwagilia maji na kusubiri.

Majibu ya maabara yasomwe kwa makini. Baadhi ya maabara huandika mboji na nyingine huandika kaboni, na anayechukua moja akidhani ni nyingine anakuwa amekosea karibu mara mbili. Kwa desturi mboji hugawanywa kwa 1.724 ili kupata kaboni. Uliza pia kama kipimo kilifanywa kwa njia ya Walkley na Black, ambayo haichomi kaboni yote, na kama tayari wameirekebisha kwa kizidisho cha 1.3 kinachotumika mara nyingi. Ukishapata asilimia iliyo sahihi, akiba ya kaboni kwa hekta ni asilimia hiyo mara uzito kwa ujazo mara kina kwa sentimita. Udongo wenye kaboni ya asilimia 0.6, uzito wa 1.5 na kina cha sentimita 20 una tani 18 za kaboni kwa hekta.

Mabaki ya mazao ndiyo chakula cha modeli. Mkulima atakutajia magunia kwa ekari, nawe ugeuze kuwa tani kwa hekta, ukikumbuka kwamba hekta moja ni ekari 2.47 na kwamba magunia hayalingani uzito. Ikiwa mahindi yametoa tani moja ya punje kwa hekta, na punje ni asilimia 40 ya uzito mkavu wa mmea ulio juu ya ardhi, basi yamebaki mabua na majani ya tani 1.5, ambayo kwa asilimia 45 ya kaboni ni takriban tani 0.68. Ongeza mizizi, ongeza majani ya mbaazi yanayopukutika, kisha toa kilicholiwa na mbuzi na kilichochomwa. Kwa shamba la mikorosho, njia ya kuaminika ni kutega nyavu zenye eneo la mita moja ya mraba chini ya miti na kupima majani yanayodondoka kila mwezi. Kumbuka kwamba wakulima wengi husafisha chini ya mikorosho kabla ya msimu wa kuokota ili korosho zionekane, na majani yaliyofagiwa na kuchomwa moto hayapaswi kuhesabiwa kana kwamba yameingia udongoni.

Kuanza na maji

RothC huupa udongo uwezo wa kupungukiwa na maji hadi kikomo fulani. Kwa kina cha sentimita 23, kikomo hicho kwa milimita ni 20, jumlisha 1.3 mara asilimia ya mfinyanzi, toa 0.01 mara mraba wa asilimia hiyo. Mfinyanzi wa asilimia 10 unatoa milimita 32, na kwa sampuli yetu ya sentimita 20 tunazidisha kwa 20 na kugawanya kwa 23, tunapata milimita 28. Udongo wenye mfinyanzi wa asilimia 30 ungetoa takriban 43. Kikomo hicho ni cha udongo uliofunikwa na mimea. Ukiwa wazi hugawanywa kwa 1.8.

Sasa tengeneza safu za mvua, uvukizi na upungufu. Kila mwezi, toa mvua kutoka kwenye uvukizi na uongeze jibu kwenye upungufu uliokuwepo, lakini upungufu usizidi kikomo wala usivuke sifuri. Kama uvukizi wako umepimwa kwa beseni la wazi, uzidishe kwanza kwa 0.75. Tuseme Aprili imeisha udongo ukiwa umeshiba, na Mei imeleta milimita 45 za mvua dhidi ya 105 za uvukizi. Pengo ni milimita 60, na kikomo ni 28, kwa hiyo Mei inaisha udongo ukiwa umefika chini kabisa, na utabaki hapo hadi mvua zirudi Novemba au Desemba.

Upungufu huo ndio huzaa kizidisho cha unyevu. Ukiwa chini ya 0.444 ya kikomo, yaani chini ya milimita 12.4 katika mfano wetu, kizidisho ni 1. Ukifika kwenye kikomo, kizidisho ni 0.2, na katikati hushuka kwa mstari ulionyooka, kiasi kwamba upungufu wa milimita 20 hutoa 0.61.

Hapa ndipo hatua ya mwezi inapoanza kutudanganya. Uvukizi wa milimita 4 kwa siku humaliza milimita 28 kwa siku saba. Kila mkulima wa kusini anajua kwamba mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua hukatika kwa wiki moja au mbili, lakini jumla ya mwezi huonyesha mvua ya kutosha na modeli huchukulia kwamba uozaji uliendelea bila kusita. Vivyo hivyo mvua kubwa ya siku chache, kama iliyoambatana na Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, hutawanywa na modeli kwa mwezi mzima wakati sehemu kubwa ya maji hayo yalitiririka au kuzama. Ukiwa na mvua za kila siku, hesabu upungufu kwa siku, kisha chukua wastani wa kizidisho kwa mwezi. Kazi inaongezeka kidogo tu na jibu linakuwa bora zaidi.

Kaboni

RothC huigawa kaboni katika mafungu matano: mabaki laini, mabaki magumu, viumbe vidogo, mboji, na kaboni isiyooza. Mafungu manne ya kwanza huoza kwa kasi ya 10, 0.3, 0.66 na 0.02 kwa mwaka. Fungu la tano hukadiriwa kwa kuchukua akiba yote kwa kipeo cha 1.139 na kuzidisha kwa 0.049, ambapo tani 18 hutoa tani 1.3. Mabaki ya mazao yanayoingia hugawanywa kwa uwiano wa 1.44 kati ya laini na magumu, na uwiano huo huwa 0.25 kwa msitu wa kitropiki, ambao mabaki yake ni magumu zaidi.

Kasi hizo huzidishwa kwa vizidisho vitatu: cha joto, cha unyevu tulichokwisha kukipata, na cha kufunikwa kwa udongo, ambacho ni 0.6 mimea ikiwepo na 1 udongo ukiwa wazi. Cha joto ni 47.91 gawanya kwa jumla ya 1 na e (namba 2.718, yaani EXP katika Excel) kwa kipeo cha 106.06 gawanya kwa joto lililoongezwa 18.27. Weka nyuzi joto 9.25, zinazokaribia wastani wa Rothamsted, na utapata takriban 1. Weka 26, wastani wa pwani yetu, na utapata 4. Yaani kwa unyevu uleule, mboji ya Mtwara huoza mara nne ya ile ya Rothamsted, na ndiyo sababu siamini kamwe ahadi ya kuhifadhi kaboni shambani iliyonakiliwa kutoka Ulaya bila kurudiwa hesabu.

Fuata mwezi mmoja hadi mwisho. Januari yenye nyuzi 27 ina kizidisho cha joto cha 4.2, unyevu 1 na mimea 0.6, ambavyo vikizidishwa ni 2.52. Kinachobaki katika kila fungu ni e kwa kipeo hasi cha 2.52 mara kasi ya fungu gawanya kwa 12. Mabaki laini hubaki asilimia 12 tu mwezi ukiisha. Kama fungu la mboji lina tani 14, hupungua kilo 59, na kama shamba lingekuwa wazi lingepoteza kilo 98. Julai ya nyuzi 24, yenye mbaazi bado shambani, ina 0.43 tu vikizidishwa, na asilimia 70 ya mabaki laini hubaki. Kwa udongo wa mfinyanzi wa asilimia 10, asilimia 81 ya kilichooza huondoka kama hewa ukaa, na kinachobaki hugawanywa asilimia 46 kwa viumbe vidogo na 54 kwa mboji mpya. Kilo 59 za Januari kwa hiyo hutoa kilo 48 za kaboni hewani, sawa na kilo 176 za hewa ukaa ukizidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12.

Hali ya kuanzia nayo ina mtego wake. Desturi ni kuiendesha modeli kwa maelfu ya miaka hadi itulie, kisha kuanza jaribio. Hilo hufaa kwa msitu uliokaa muda mrefu, lakini shamba lililofyekwa miaka 25 iliyopita bado linapoteza mboji ya msituni, na ukilidhania limetulia utakosea mwelekeo wenyewe. Anza na miombo hadi itulie, kisha fyeka ndani ya modeli katika mwaka wa kweli, ndipo uendelee na mazao. Wazee wa kijiji ndio wenye kumbukumbu hiyo. Nachingwea kuna ardhi iliyofyekwa kwa mitambo chini ya mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, na ardhi ya namna hiyo haiwezi kuanza na historia moja na jirani yake iliyolimwa kwa jembe la mkono.

Nitrojeni

RothC haina nitrojeni, lakini mboji ina uwiano wa kaboni na nitrojeni unaokaribia 12, hivyo kilo 48 za kaboni zilizoondoka Januari zimeacha nyuma takriban kilo 4 za nitrojeni kwa hekta. Mabaki yenye uwiano unaozidi 25 hivi, kama mabua ya mahindi, kwanza hunyang'anya nitrojeni ya udongo, wakati majani ya mbaazi huitoa mapema. Upande wa matumizi, tani moja ya punje za mahindi huondoka na takriban kilo 16 za nitrojeni, na mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23.

Kinachobaki ni kujua nitrojeni hiyo itasafiri hadi wapi. Januari yenye mvua ya milimita 200 na uvukizi wa 110, udongo ukiwa umeshiba, huacha milimita 90 zinazozama. Kichanga kinachoshika maji kwa asilimia 15 ya ujazo wake hupitisha maji hayo hadi sentimita 60, ilhali udongo mzito unaoshika asilimia 35 hupitisha hadi sentimita 26. Ni kadirio la mkato, lakini linaonyesha kwa nini nitreti iliyopo wakati wa kupanda huwa imeshaipita mizizi michanga ya mahindi, na kwa nini mbaazi, yenye mizizi mirefu na inayobaki shambani baada ya mahindi kuvunwa, huweza kuirudisha juu sehemu yake. Tatizo huzidi mvua za kwanza, kwa kuwa udongo uliokauka kwa miezi mingi hutoa nitrojeni kwa mkupuo unapolowa. Mtafiti H. F. Birch alieleza jambo hilo mwaka 1958 akiwa Muguga, Kenya. RothC hailijui, na hatua ya mwezi isingeliona hata kama ingelijua.

Gesi ya nitrasi oksaidi (N2O), ambayo uzito wake katika kupasha joto dunia ni mara 273 ya hewa ukaa kwa miaka 100, hutoka zaidi udongo unapojaa maji na kukosa hewa. Katika kichanga cha uwandani si jambo kubwa. Katika majaruba ya mpunga ya mabonde ya Ruvuma na Lukuledi ni suala tofauti, pamoja na methani, na hapo RothC haifai kabisa.

Salfa na ukaguzi wa majibu

Mikorosho yetu hupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa ikifika udongoni hugeuka tindikali. Kwa hesabu ya kikemia, kilo moja ya salfa huhitaji takriban kilo 3.1 za chokaa safi ya kalsiamu kaboneti kuituliza. RothC haina safu ya uchachu, kwa hiyo katika shamba lililopuliziwa kwa miaka mingi inaweza kukadiria uozaji wa kasi kuliko ulivyo. Pima uchachu, uandike kando ya majibu, na usirekebishe kasi za mafungu kwa kubahatisha. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), nje ya mji wa Mtwara, kinashughulikia korosho na mbegu za mafuta, na ni mahali pa kwanza pa kuulizia vipimo vya mashamba ya namna hiyo.

Ukishapata majibu, yalinganishe na mashamba ambayo hukuyatumia kuunda modeli. Kwa kuwa hakuna anayeweza kusubiri miaka 20, tafuta mashamba jirani yenye udongo wa aina moja yaliyofyekwa nyakati tofauti, na pori lililobaki kando yake. Kisha jiulize kama tofauti unayotabiri inaweza kupimwa. Tuseme modeli inasema kuacha kuchoma kutaongeza tani 1.5 za kaboni kwa hekta. Katika udongo wetu hiyo ni asilimia 0.05, yaani kutoka 0.60 hadi 0.65, na sampuli mbili za shamba moja zinaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Endesha modeli kwa mfinyanzi wa chini na wa juu, kwa mabaki machache na mengi, na utoe jibu kama kipimo chenye ncha mbili.

Hamia kwenye APSIM au DayCent pale tu swali lako linapodai siku, kwa mfano kupanga tarehe ya urea kulingana na mvua. Wakati huo utahitaji mvua, joto la juu na la chini na mionzi ya kila siku, pamoja na kiwango cha maji ambacho kila tabaka la udongo hushika likishiba na likikauka hadi mmea kunyauka, hadi kina cha mita moja na nusu au zaidi kwa mbaazi. Chimba shimo, pima matabaka hayo mwenyewe, kisha jaza mwaka mmoja uliokwisha kuuhesabu katika Excel na ulinganishe maji yanayozama. Yakitofautiana sana, tafuta chanzo chake hapo kabla ya kufungua ukurasa wa nitrojeni.